Mawe ya Redio

Kwetu Ng'ambo, Tabora, betri tuliziita mawe.
"Kimbia kwa Kasanda, niletee mawe mawili,"
baba alisema, na jina likaniingia kichwani
kama mchwa kwenye kizingiti, polepole:
ni mawe.
Na jiwe ukilichoka si unalitupa tu?

Yakidhoofika, mtangazaji akaanza kuongea kilevi,
tuliyaanika juu ya bati yaote jua,
tuliyang'ata kidogo kiunoni, tukayarudisha.
Yalifufuka kwa salamu na taarifa ya habari,
kisha yakafa kifo cha kweli.
Shimo la nyuma ya choo likayapokea.
Mpapai ulioota pale ulizaa mapapai makubwa.
Tuliyala.

Darasa la nne, Mwalimu Mihambo akaagiza
kila mtoto aje na mawe yaliyokufa.
Tuliyaponda. Unga wake mweusi
tukaukoroga na majani ya matembele,
tukasugua ubao hadi ukaiva.
Tarehe, waliopo, wasiokuwepo:
vyote vilisomeka hadi dawati la mwisho.
Kengele ikalia, na kwa mikono ile ile
tukatafuna michembe.

Nani aliumwa baadaye? Sijui.
Hilo ndilo linaloniwasha: sijui.

Leo mimi ndiye fundi, kibanda cha nne ukitoka relini.
Wananiletea pasi zilizoungua ulimi,
televisheni za kisogo, feni zilizovunjika shingo,
simu zilizovimba tumbo.
"Fundi, itapona?" Nyingine hupona.
Isiyopona wananiachia: "Kaa nayo, utatoa spea."
Ukarimu wa namna hiyo umejaza nusu ya chumba,
na Nyamizi, mke wangu, hulala akitazama mgongo wa friji.

Nkwabi wa vyuma chakavu huja Alhamisi.
Anapenda shaba. Alikuwa anachoma nyaya kando ya mtaro,
moshi wake ukakaa kwenye mashuka yetu wiki nzima.
Nikamwambia, menya, Nkwabi, menya kama muwa.
Alicheka. Alhamisi ya tatu alikuja na kisu.
Betri za gari nazo alikuwa akizimwaga maji kwanza, mzigo uwe mwepesi;
siku hizi kwangu haitoki betri isiyo na maji yake.

Lakini mawe, hakuna anayeyataka.
Hayana shaba, hayana bei.
Nimeyaweka kwenye ndoo ya asali ya shemeji wa Sikonge,
lita ishirini, mfuniko wa kubana.
Ofisi ya kata waliandika jina langu daftarini,
wakasema wataniita. Mwaka wa pili huu.
Ndoo ya pili imefika nusu.

Jana akaja binti wa Kalunde, begi mgongoni:
"Fundi, mwalimu anasema tulete mawe yaliyokufa."
Nikaviangalia viganja vyake.
Visafi, vina harufu ya karanga.
Sikuwa na hotuba. Nikatoa kopo la rangi nyeusi
nililokuwa nimeliweka kwa ajili ya mlango wangu,
nikasema, mpelekee hili apake ubao.
Na mwambie mawe yaje huku.

Leo alfajiri nimeyakuta kizingitini:
ndani ya soksi, ndani ya mfuko wa unga,
mengine yamepasuka, yanatoka ute.
Nimeyaokota moja moja, mikono nimeivisha mifuko ya mkate,
Nyamizi akinicheka kutoka dirishani,
kisha akashuka, akanishikia ndoo.

Nje bado imeandikwa ASALI MBICHI.
Nyuki wawili wamekuja, wanazunguka ukingo,
wanatafuta upenyo.
Nabana mfuniko.
Nabana tena.